Faraja Mahali pa Kazi Baada ya Balaa

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, baada ya saa nne na nusu za asubuhi, wakati ambapo wafanyakazi wa katikati ya mji wa Nairobi walikuwa wamekwisha kushika kazi zao, na wanafunzi wa chuo cha uhazili katika jengo la Ufundi walikuwa darasani, palisikika upande wa nyuma wa ubalozi wa Marekani mshindo wa bomu la mkono na milio ya bunduki, na watu wengi katika majengo ya jirani wakaenda madirishani kutazama kulikoni. Sekunde chache baadaye lori lililosheheni baruti liliripuka. Jengo la Ufundi likaporomoka, na vioo vya jumba la Benki ya Ushirika vikawarukia machoni wale wale waliokuwa wamesogea kutazama. Watu 213 walifariki Nairobi na maelfu wakajeruhiwa, na karibu saa ile ile, katika mtaa wa Oysterbay mjini Dar es Salaam, mripuko wa pili kwenye ubalozi wa Marekani ukaua watu 11.

Msiba ule umeandikwa sana kwa upande wa siasa na wa usalama, na haki yake kuandikwa hivyo. Lakini liko jambo moja ndani yake ambalo halijapewa nafasi linayostahili, nalo ni kwamba wengi mno wa walioguswa na mripuko ule walikuwa katika saa za kazi, mahali walipokwenda kutafuta riziki: makarani wa benki, wahazili, walinzi, madereva, wachuuzi wa kando ya njia, na watumishi wa ubalozi wenyewe, Wakenya kwa Wamarekani. Waliosalimika iliwapasa, baada ya siku au majuma, kurudi kazini, ama katika jengo jingine ama karibu na magofu yale yale, na kukaa jirani na kiti ambacho mwenyewe hatakikalia tena. Wengine walikuwa wamewafukua wenzao kwa mikono yao kabla ya waokoaji kufika, kisha wakatakiwa kushika kalamu na kuendelea na barua iliyoachwa nusu. Ni katika kurudi huko, wala si katika siku ya balaa peke yake, ndipo inapojulikana kama mwajiri anawatunza watu wake au anawatumia tu. Nami naamini ya kwamba nafsi iliyotikiswa na balaa hupona, au huzidi kudhoofika, katika mambo ya kila siku ya kazi, yaani mshahara, likizo, habari za kweli na mtu mmoja wa kuaminiwa, kuliko inavyopona katika mkutano mmoja wa nasaha, hata mkutano huo ungekuwa na wasemaji bora wa namna gani.

Ushahidi wa maneno haya haukutoka mbali. Baada ya mripuko, Chama cha Madaktari wa Kenya kilianzisha mpango wa kuwasaidia watu kiakili ulioitwa Operation Recovery, na miongoni mwa waliousimamia alikuwa Daktari Frank Njenga, tabibu wa maradhi ya akili ambaye jina lake limeshikamana na fani hiyo nchini Kenya hata leo. Mwezi mmoja hadi mitatu baada ya tukio zilikusanywa habari za watu 2,883, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2004 katika jarida la Uingereza la matabibu wa akili. Katika kila watu 100 walioulizwa, 35 walikuwa na dalili zinazokaribiana na maradhi yanayofuata kiwewe. Walioelekea zaidi kuwa na dalili hizo walikuwa ni wanawake, watu wasio na ndoa, wenye elimu ndogo, walioushuhudia mripuko kwa macho, waliojeruhiwa, na hasa ambao majeraha yao yalikuwa hayajapona, waliofiwa, walioingia katika dhiki ya fedha tangu siku ile, na wale ambao hawakuwa wamemfungulia rafiki moyo wao.

Uchunguzi wa namna hii haukati shauri kwamba jambo hili ndilo lililozaa lile, kwa kuwa yawezekana aliyeumia zaidi ndiye aliyeshindwa kusema, na aliyeshindwa kufanya kazi ndiye aliyefilisika. Hata hivyo mwenye kuajiri watu na aitazame tena orodha ile kwa makini, maana ndani yake yamo mambo asiyoweza kuyageuza kabisa, kama vile nani aliona nini na nani alifiwa na nani, na yamo mambo matatu ambayo yako mkononi mwake waziwazi: jeraha lililotibiwa au lililoachwa, mfuko wenye kitu au mtupu, na kuwapo au kutokuwapo kwa mtu wa kuambiwa. Mambo hayo hayahitaji shahada ya utabibu. Yanahitaji nia, daftari la mishahara, na muda.

Yafaa kwanza kufahamu kiwewe humfanya nini mtu. Mwili wa binadamu umejaliwa hadhari: hatari ikitokea, moyo hupiga mbio, pumzi hupanda, misuli hukaza, na fahamu zote hukusanyika penye hatari ili mtu akimbie au apigane. Hatari ikipita, hadhari hiyo hutazamiwa itulie. Kwa baadhi ya watu haitulii. Hukaa kama mlinzi wa usiku ambaye, baada ya nyumba kuvunjwa mara moja, husikia mwizi katika kila jani linalodondoka. Mlango ukibamizwa, mtu huruka. Akilala, tukio humjia tena ndotoni, na akiwa macho humjia bila ya kuitwa, likiletwa na harufu ya moshi au sauti ya kioo. Huepuka njia ile, ghorofa ile, hata mazungumzo yale, na pengine hujiona amekuwa mbali na watu wake, hacheki wala halii. Ikiwa hali hii imedumu zaidi ya mwezi mmoja na imemzuia kuishi na kufanya kazi kama desturi yake, matabibu huihesabu kuwa maradhi, na yana dawa na mazungumzo ya tiba yanayosaidia kweli. Wengi wa waliopatwa na balaa hawafiki huko. Hushikwa na hofu, huzuni, usingizi wa mang'amung'amu na hasira za ghafla, kisha kwa majuma na miezi hurudi katika siha yao, ilimradi wasiongezewe mzigo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Huo mzigo mwingine aghalabu hutoka kazini. Msimamizi asiyejua huiona hesabu iliyokosewa na mtu ambaye hakuwa akikosea, huuona uchelewaji, huuona ukali wa maneno, huona mtu akiomba kuhamishwa mbali na dirisha, naye huyaita hayo yote uvivu au kiburi na kuandika barua ya onyo. Yuko pia mfanyakazi wa namna ya pili, ambaye ni rahisi zaidi kumkosea kwa sababu hakuna anayemlalamikia: huyu hufika kabla ya wote na kuondoka baada ya wote, hufanya kazi ya watu watatu, hakubali likizo, na husifiwa mbele ya wenzake, ilhali kazi kwake imekuwa maficho, na siku atakapoanguka wote watasema hawakuona dalili.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba dawa ya haraka ya hali hii ni kuwakusanya watu wote mara tu baada ya tukio na kumtaka kila mmoja asimulie aliyoyaona na aliyoyahisi. Njia hiyo ilipangwa na Jeffrey Mitchell wa Marekani, aliyeiandika mwaka 1983 kwa ajili ya wazima moto na watu wa huduma za dharura, na nia yake ilikuwa njema. Ikaenea katika mabenki, viwanda, mashirika ya misaada na majeshi, na kwa wakuu wengi ikawa ni ushahidi kwamba wametimiza wajibu: mshauri ameitwa, watu wameketi, karatasi ya mahudhurio imetiwa saini. Lakini wataalamu walipozikusanya tafiti na kuzipima kwa mizani moja, walikuta kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii maradhi yanayofuata kiwewe, na kwamba katika baadhi ya tafiti waliopitishwa humo walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye kuliko walioachwa bila kikao. Shirika la Afya Duniani nalo likashauri kisitumiwe kama kinga kwa watu waliotoka kupatwa na balaa. Nadhani sababu yake si ngumu kuikisia: kuna anayetaka kusema leo, kuna atakayetaka kusema baada ya miezi sita, na kuna ambaye hatataka kusema kamwe mbele ya mkuu wake wa idara, na kuwalazimisha wote saa moja ni kumfungua jeraha mtu ambaye bado alikuwa amelifumba kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo pana tofauti kubwa kati ya kumpa mtu rafiki wa kumweleza, jambo ambalo waliolikosa Nairobi walionekana kuumia zaidi, na kumtoza maelezo.

Badala ya kikao hicho umewekwa utaratibu mwingine ulio mwepesi, unaoitwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambao mwongozo wake ulitolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika ya War Trauma Foundation na World Vision. Kiini chake ni mambo matatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Kutazama ni kuangalia kwanza kama mahali ni salama, nani ana haja za lazima, nani amepigwa na bumbuazi. Kusikiliza ni kumwendea mtu kwa upole, kumwuliza ana haja gani na nini kinamtia wasiwasi, na kukaa naye bila ya kumhoji. Kuunganisha ni kumfikisha penye maji, simu ya kuwapigia jamaa, habari za kweli, daktari, nauli ya kurudi kwake. Haya yaweza kufundishwa kwa karani, kwa mlinzi wa lango na kwa mkuu wa kiwanda, kwa kuwa hayahitaji utabibu, nayo kwa watu wa pwani na bara yetu si mageni kabisa. Msimamizi anayemsogelea mfanyakazi wake na kumwambia, "Pole, Mama Saidi, chakula kinapita? Usiku unalala?" kisha akanyamaza na kungoja jibu, amefanya zaidi ya yule aliyebandika tangazo ukutani lenye namba ya simu ya mshauri. Namba na iwepo pia, lakini mtu aliyeulizwa kwanza ndiye atakayeipiga.

Sisi tunayo desturi ambayo mahali pengi pa kazi ulimwenguni haipo. Mfanyakazi akifiwa, wenzake huchanga rambirambi, hukodi basi, huenda kukaa matangani, hubeba sinia, husimama kaburini. Na katika nchi hizi mkuu asiyekanyaga msibani hukumbukwa kwa miaka. Desturi hiyo ni tiba iliyo kubwa, kwa sababu humpa mfiwa watu, chakula na fedha, vitu vile vile ambavyo kuvikosa kulionekana kuwadhuru watu wa Nairobi. Lakini desturi yetu imefungwa kwenye kifo na maziko. Inapomhusu aliyenusurika, asiye na jeneza la kusindikizwa wala arobaini ya kusomewa, hatujui tumwendee kwa nini na tukae naye siku ngapi. Sisi humwambia ashukuru Mungu kwa kuwa yu hai, na maneno hayo, ingawa ni ya kweli na yametoka katika imani, humfunga mdomo mtu ambaye usiku hujiuliza kwa nini yeye na si mwenzake aliyekuwa ameketi karibu naye. Ningependa kuona mahali pa kazi pakimtendea aliyenusurika kama mfiwa: wenzake wamtembelee nyumbani kwake, wakubaliane nani atashika kazi yake kwa mwezi wa kwanza, na wamrejee tena mwezi wa tatu na wa sita, wakati ambapo magazeti yamekwisha kugeukia habari nyingine.

Katika fedha na likizo hisani haitoshi, hapana budi sheria na kanuni zilizoandikwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyetumika miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 hutoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, za nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na za nusu ya pili kwa nusu mshahara. Hizo ni hesabu za chini kabisa, na mwajiri hakukatazwa kuzidisha. Mtu ambaye hawezi kulala tangu mwezi jana hatapona kwa siku 7, na mtu anayejua kwamba siku ya 15 hatakuwa na mshahara atarudi kazini siku ya 14 akiwa mgonjwa, atakosea, ataonywa, na mwishowe ataacha kazi au ataachishwa. Halafu ataingia katika ile dhiki ya fedha iliyotajwa katika uchunguzi wa Nairobi. Mwenye kampuni anayetaka kujua aanzie wapi siku ya kwanza baada ya balaa, na aanze kwa kuwatangazia watu wote, kwa maandishi na kwa kauli yake mwenyewe, ya kwamba mishahara ya mwezi huo italipwa yote na kwa tarehe yake. Hakuna nasaha inayoshinda tangazo hilo.

Karibu na tangazo la mshahara liko tangazo la habari. Katika balaa uvumi hukimbia kuliko gari la wagonjwa, na watu hukaa wakisubiri kujua nani yuko hospitali gani, kama jengo ni salama, kama kazi zitaendelea. Mkuu mwenye busara huwakutanisha watu wake kila siku kwa wakati ule ule, hata kwa dakika kumi, husema analolijua, husema kwamba jambo fulani halijajulikana bado, na hutaja saa atakayorudi na jibu, kisha hurudi saa hiyo hata kama jibu hana. Kurudi kwa wakati ndiko kunakowatuliza, kwa maana mtu aliyeona ukuta ukianguka bila ya taarifa anahitaji kuona jambo moja likitokea kama lilivyoahidiwa.

Bomu si balaa pekee. Ugonjwa wa Kovidi ulipoingia Kenya na Tanzania mwezi wa Machi 2020, wauguzi na matabibu walijikuta katika hali ambayo haikuwa ya saa moja bali ya miezi, wakiogopa kupeleka ugonjwa kwa wazazi na watoto wao, wakizika wenzao kwa haraka bila ya matanga. Na hoteli za pwani zilipofungwa, wapishi na wahudumu walirudishwa makwao wasijue wataitwa lini. Dhiki ya namna hii haina mshindo, kwa hiyo huchelewa kuonekana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo juu ya siha ya akili kazini, likikadiria kwamba siku za kazi bilioni 12 hupotea ulimwenguni kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi, na kwamba hasara yake hufika dola trilioni 1. Miongozo hiyo hushauri, pamoja na mengine, kupunguza chanzo chenyewe katika mpango wa kazi, yaani wingi wa saa, uchache wa watu, na kutokuwa na kauli, na pia kuwafunza wasimamizi jinsi ya kumtambua na kumsaidia mtu aliye katika dhiki. Nimefurahi kuona jambo la kwanza limetangulia. Muuguzi wa zamu tatu mfululizo hahitaji kufundishwa kupumua taratibu kabla ya kupewa mwenzake wa kupokezana naye.

Msimamizi mwenyewe husahauliwa. Huyu huhesabiwa kuwa ni nguzo, naye hujihesabu hivyo, na katika siku za balaa hubeba orodha za waliofariki, huwapigia simu wazazi wao, huwasikiliza walio hai, kisha hukaa afisini mpaka usiku akijibu barua za makao makuu. Prudence Bushnell, aliyekuwa balozi wa Marekani nchini Kenya, siku ya mripuko alikuwa katika mkutano ndani ya jumba la Benki ya Ushirika, akajeruhiwa kwa vioo, akateremka ngazi pamoja na umati, na tangu saa ile ikawa ni juu yake kuwaongoza watu wale wale ambao msiba wao ulikuwa msiba wake. Kwa mtu aliye katika nafasi hiyo mahali pa kazi pawe na utaratibu usiomtegemea yeye kuomba: mtu aliye juu yake, au wa afisi nyingine, amwulize maswali yale yale anayowauliza wengine, na ampumzishe kwa zamu kabla hajachoka.

Limebaki jambo la siri, ambalo bila yake hayo mengine yote huharibika. Mfanyakazi atasema ukweli wa hali yake ikiwa tu ana yakini kwamba maneno yake hayatafika katika faili lake la kupandishwa cheo, wala hayatazungumzwa penye chai. Mshauri anayelipwa na kampuni na kumpelekea mkuu majina ya waliomwona atapata watu mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili chumba chake kitakuwa kitupu. Nchini Kenya kuliongezwa juu ya aibu ya kuumwa nafsi hofu ya jela, kwa kuwa kujaribu kujitoa roho kulihesabiwa kuwa ni kosa la jinai, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwezi wa Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinapingana na katiba. Mlango wa mahakama umefunguka. Mlango wa afisi ya mwajiri hufunguliwa na kanuni iliyoandikwa, yenye kusema nani ataona maelezo ya mgonjwa na nani hataona, ya kwamba aliyekwenda kutibiwa nafsi yake atarudi kwenye cheo chake, na ya kwamba kwa majuma ya mwanzo atarudi kwa nusu ya saa za kazi bila ya kupunguziwa mshahara. Kanuni hiyo iandikwe sasa, wakati wa salama, na wafanyakazi waisome na kuihoji kabla ya siku watakapoihitaji.